Chokaa ya Mradi

Sinyati alikuwa anapaka chokaa kwa kipande cha gunia, maana brashi hana. Nje alishamaliza. Ndani, mara ya kwanza doa la tope likatokeza. Mara ya pili likatokeza tena, mstari wa kahawia umezunguka chumba kizima, shubiri moja juu ya kitasa cha mlango. Akakoroga chokaa nzito zaidi, akapaka mara ya tatu, mikono inamwasha hadi kwenye viwiko. Safari hii mstari ukapotea.

"Sasa hapo panakalika, Mama Nice," alisema Fanuel, mwenyekiti wa mtaa, akichungulia mlangoni. "Mtaalamu wa mifereji anakuja Alhamisi. Asije akatukuta kama tunaishi kwenye banda la kuku."

Zamani alikuwa anamwita Mama Bariki. Tangu mazishi amebadilisha, na hakuna aliyemwomba abadilishe.

"Ahsante kwa chokaa, mwenyekiti. Mungu akuzidishie."

"Usinishukuru mimi. Watu wa mradi ndio wametoa, kila nyumba na mfuko wake. Wanawajali."

Mradi uko pale juu, palipokuwa shamba la kahawa. Enzi za kahawa mvua ilikuwa inanywewa na udongo. Siku hizi yamesimama majumba, uwanja wote umetandikwa vitofali vya saruji, na maji yote yanaingizwa kwenye karavati moja. Mdomo wa karavati hilo unatazama mlango wa Sinyati, na kamtaro kembamba ka mtaa kanaanzia hapo. Masika iliyopita alikuwa sokoni na ndizi zake. Bariki, miaka saba, alimpandisha mdogo wake juu ya kabati la vyombo, kisha maji yakaung'oa mlango. Walimkuta siku ya tatu, mbali huko chini Nduruma, katika mahindi ya watu.

Sasa huyo mtaalamu akiandika kwamba maji yanaingia majumbani, mradi utalazimika kuchimba mtaro wake hadi mtoni kabla ya masika. Sinyati alikuwa anaihesabu Alhamisi kwa vidole.

Alhamisi mtaalamu mwenyewe, Injinia Arnold, alikuja na buti safi, bado kiangazi. Akapima upana wa mtaro, akalipiga picha karavati kavu, akaingia ndani, Fanuel nyuma yake.

"Mama, maji yalifika wapi?"

"Hapa." Akaweka kiganja ukutani.

Injinia akainama, akawasha tochi ya simu. "Alama siioni."

"Ilikuwepo. Nimepaka chokaa juzi."

"Kwa nini sasa?"

Sinyati akamtazama Fanuel. Fanuel alikuwa anatazama simu yake.

"Si mgeni anakuja, baba," akasema kwa sauti ndogo. "Mtu hasafishi?"

"Pole sana, mama. Ila mimi naandika ninachokiona. Siwezi kuandika mkono wa mtu."

"Basi nenda hapo kwa Mama Diana. Kwake yalifika dirishani."

Injinia akatoka uani. Nyumba saba zilikuwa zimejipanga kando ya mtaro, nyeupe pee.

"Huku ni maji ya kawaida ya masika tu, injinia," Fanuel akasema. "Wananchi nao wanapenda kulalamika. Lakini wasafi, si umeona?"

"Kwa kweli pamependeza."

Akaandika mstari mmoja, kisha akampa Sinyati karatasi ya mahudhurio. Sinyati akasaini kwa mwandiko wa kuunga, kama alivyofundishwa shuleni, akamshukuru kwa kuja.

Walipoondoka, alichukua kipande cha mkaa jikoni. Shubiri moja juu ya kitasa. Akachora polepole, kutoka kona hadi mlangoni, chokaa ikimdondokea miguuni.

Nice akaja mbio. Akabana mgongo ukutani, visigino pamoja, kama walivyokuwa wanapimwa yeye na kaka yake kila Krismasi. Mstari ulipita juu ya kichwa chake, nafasi ya vidole vinne.

"Mama, nimefikia?"

"Bado."

Nje, Mlima Meru ulikuwa umeanza kujifunika mawingu. Mtoto akasimama kwa ncha za vidole, akanyoosha shingo mpaka mishipa ikatoka.

"Na sasa je? Angalia vizuri, Mama."