Chai ya Bi Mdogo

Naswali rakaa mbili za istikhara baada ya Adhuhuri, namwomba Mola anioneshe lililo jema, kisha nabaki palepale kwenye mkeka, nimeegemea ukuta, televisheni imewashwa kwa sababu ni saa ya tamthilia yetu ya Kichina, ile ya wake wa mfalme, na macho yangu ni mazito. Jambo ninaloliombea ni moja. Mume wangu, Mbaruku, ana mke wa pili mtaa wa juu, jina lake Asiati, na Asiati ameteleza bafuni akavunjika mguu, hawezi kuchota maji wala kujipikia, na ndugu zake wako mbali. Mbaruku ameniambia akiwa amesimama mlangoni, Mama Tunu, nimlete hapa mpaka apone? Nyumba ni yako, wewe ndiye bi mkubwa, ukisema hapana hataingia. Nikirudi Alasiri unipe neno. Nimemwambia, Baba Tunu, mimi nimechoka. Akasema, najua, na akaenda zake. Na kweli nimechoka, wala si kwa kazi. Nimechoka kumchukia mtu ninayemwona harusini na misibani tu, nimechoka kutazama gauni lake ni jipya au ni la mwaka jana, nimechoka kuuliza nisiyotaka kujibiwa. Wanasema ukiswali istikhara ukalala, utaoneshwa. Kwenye kioo, mke wa mfalme mwenye joho la kijani anampa mwenzake kikombe chenye sumu na anamwita dada, kwa sauti ya yule mwanamke wa Dar es Salaam anayewatilia Kiswahili. Nasema moyoni, niizime, isije ikanichanganyia maombi yangu. Nanyoosha mkono kwenye kitufe na mkono unapita, unaingia kwenye ubaridi, bega linafuata, kichwa kinafuata, navuka kizingiti kirefu cha kufika gotini, na niko uani.

Ua ni mpana, kuta ni nyekundu, mapaa ni ya vigae vya manjano, na mbele yangu kuna lango, na ndani ya lango naona ua mwingine uleule, na katikati yake mwanamke amenipa mgongo, naye anatazama lango lililo mbele yake. Nikiinua mkono, naye anainua. Nasema, bismillahi, na naanza kutembea, na kila lango ninalopita linanirudisha penye lango, na mwanamke yule yuko mbele daima, simfikii. Pembeni yangu anatembea mtumishi wa kasri, sijui ametembea nami tangu lini, mikono ameificha kwenye mikono mipana ya joho lake. Uso hana. Mahali pa uso ni laini kama kipande cha sabuni kilichokwisha herufi. Siogopi, nimechoka mno kuogopa. Namuuliza, ndugu yangu, nyua hizi ni ngapi? Anasema, unahesabu za kuingia au za kutoka? Nasema, zote. Anasema, za kutoka bado hazijajengwa. Namuuliza, kibla kiko upande gani? Anasimama, anafikiri, kisha anasema, kilikuwa nyuma yako ulipouliza. Nageuka, na nilipogeuka kuta nazo zimegeuka, na jua limehama. Basi nasoma nilizohifadhi huku natembea, maana Mola yuko kila upande, na mtumishi ananisubiri kila ninapomaliza aya, kwa adabu. Juu ya malango kuna maandishi ya dhahabu, nayo hayatulii, yanatambaa kama siafu. Mimi kusoma nimejifunza utu uzima, kwenye darasa la jioni, kidole chini ya herufi, na hapa nanyoosha kidole hivyohivyo, lakini herufi inakimbia kidole. Nasema, hili linasemaje? Anasema, linasema kama la nyuma, ila kwa sauti ya chini.

Lango linalofuata linatuingiza ukumbini, na ukumbi umejaa wanawake. Ni wake wa mfalme, wamesimama kwa safu, majoho ya kijani na ya zambarau na ya rangi ya damu ya mzee, na wote hawana nyuso, ila sauti wanazo, na sauti ni za mtaani kwetu. Mmoja anasema, huyu naye katoka wapi na kanga? Mwingine anasema, mwache, mwenzangu, labda ndio mtindo wa mwezi huu. Wanacheka kwa pua. Wa tatu anamgusa jirani yake, anamwambia, na wewe umejipaka poda yote hiyo ya nini, bibie, na uso huna? Yule anajibu, najipaka mahali uso utakapokuwa, mwaya, ukirudi usinikute mchafu. Ngoma inalia. Wote wanaanguka chini kwa pamoja, vipaji vya nyuso sakafuni, kwa maana mama wa mfalme anapita nyuma ya pazia, naona kivuli chake na kucha zake ndefu. Mtumishi ananinong'oneza, sujudu. Nasema, siwezi. Anasema, wote wamesujudu. Nasema, nawaona, lakini paji langu lina mwenyewe, nimeshalitoa, si langu la kugawa. Nainamisha kichwa kidogo, kama tunavyowaamkia wakubwa, nasema shikamoo, na nabaki nimesimama peke yangu katika ukumbi mzima. Kivuli nyuma ya pazia kinasimama. Kisha sauti ya kizee inauliza, nani huyo aliyesimama? Na mtu mmoja, sijui nani, anajibu kutoka sakafuni, asiyepiga magoti ni malkia peke yake. Na mwingine anasema, basi ndiye malkia. Na neno linapita safu kwa safu, ndiye, ndiye, ndiye, na kabla sijasema mnakosea, mimi ni Mwanahawa binti Kombo, nimekuja kuzima televisheni tu, wameshanikalisha, wameshaniweka taji kichwani. Taji lina ndege wa dhahabu na lulu na maua ya vito na pini ndefu zinazopita kwenye nywele mpaka kwenye ngozi, na uzito wake ni kama ndoo iliyojaa, ndoo usiyoweza kuitua. Shingo inazama mabegani.

Sasa wanawake walewale waliocheka kwa pua wananizunguka. Dada mkubwa, kanga yako inapendeza. Dada mkubwa, mimi ndiye niliyewaambia wasikucheke. Dada mkubwa, jihadhari na huyu wa zambarau. Nasema, nivueni hiki kitu kichwani. Wanarudi nyuma hatua. Mmoja ananiambia kwa upole, haturuhusiwi, na mwenyewe hawezi, pini zinaelekea nyuma. Nainua mikono nijaribu, na kweli haifiki, joho walilonivika lina mikono mizito. Namuuliza mtumishi, na mfalme yuko wapi, aje anivue? Anasema, mfalme naye anauliza hivyohivyo. Tunapita mbele ya pazia la manjano na ndani yake mtu anakoroma, na mkoromo ule naujua, nimeusikia tangu nilipoolewa. Nataka kuingia. Mtumishi anasema, hapo hapana jibu, hapo pana mtu amelala. Nasema, na jibu ni lipi? Anasema, kuna mke mgeni. Yuko kwenye ukumbi wa mwisho, ameleta chai. Ukiinywa, ni mdogo wako na atakaa humu. Ukiiacha ikapoa mkononi mwako, atapelekwa Kasri Baridi, wanakotupwa wake wasiotakiwa, na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Ndiyo sheria ya bi mkubwa. Nasema, nioneshe kwanza hilo Kasri Baridi. Anasema, hakuna malkia aliyewahi kuomba. Nasema, basi mimi naomba.

Tunatembea. Barabara inatoka nje ya kasri na inapita katikati ya mji, na mji una upande mmoja tu, upande wa pili ni kioo, nyumba zinajitazama, na ndani ya kioo natembea nikiwa kijana, sina taji, nina kanga mpya ya harusi yangu, na yule kijana ananitazama kama mtu anayemtazama mgeni. Barabara inapinda inarudi inapinda, nasema astaghfirullahi kila hatua ili miguu isisimame, na mwisho wa kupinda kuna mlango mdogo hauna rangi. Mtumishi anaufungua. Nilitegemea minyororo, nilitegemea popo, kama wanavyoonesha kwenye tamthilia. Ni chumba tu. Kina kitanda, na kanga imetundikwa msumarini, na sahani imefunikwa na sahani. Ndoo ya maji iko upande wa pili wa chumba, imejaa, na kata inaelea juu yake. Sakafuni, kati ya kitanda na ndoo, pana alama ya mtu aliyejikokota. Natazama alama ile muda mrefu. Haifiki kwenye ndoo. Namuuliza mtumishi, anakaa nani hapa? Anasema, nani unataka akae? Nasema, usinijibu kwa maswali leo, ndugu yangu, nimechoka. Na kwa mara ya kwanza sauti yake nayo inachoka, anasema, mimi pia, mama. Naingia, naichukua ndoo, naisogeza mpaka kitandani. Maji yananimwagikia miguuni na ni ya baridi kweli. Kisha tunarudi, na kurudi ni lango moja tu.

Ukumbi wa mwisho ni mdogo kuliko yote. Wanawake wameshafika kabla yetu, wamejipanga ukutani. Katikati amekaa mke mgeni, kikombe amekishika kwa mikono miwili, na yeye peke yake katika kasri zima ana uso. Ni Asiati. Amepiga goti moja, mguu wa pili ameunyoosha mbele yake kama mti, na wanawake wanamcheka, angalia anavyokaa, hana adabu, hajafundishwa. Kichwani wamemwekea taji kama langu, na jasho linamtiririka. Ananiona. Anasema, shikamoo, dada mkubwa. Nasema, marahaba. Anasema, pokea basi, mkono unaniuma. Nasema, umetia sumu? Ananitazama, anasema, ningekuwa na sumu si ningekunywa mwenyewe nipumzike na hili dude la kichwani? Na mimi, ambaye sijawahi kucheka mbele ya mwanamke huyu, nacheka. Taji linatikisika, pini zinaingia, nasema aii. Anasema, na lako linauma? Nasema, linauma. Anasema, mimi nilidhani lako halina pini, nilidhani la bi mkubwa ni jepesi, miaka yote nilidhani hivyo. Nasema, mimi nilidhani hivyo la kwako. Tunatazamana. Wanawake ukutani wanavuta shingo wasikie.

Asiati anasema, inama. Mikono yako haifiki kwako, lakini yangu inafika. Mtumishi anasema, chai inapoa. Nakipokea kikombe kwake, nakiweka sakafuni, mtumishi anasema tena, chai inapoa, malkia, na mimi nakaa chini mbele ya Asiati, nampa mgongo, ambao sijawahi kumpa mtu nisiyemwamini. Vidole vyake vinaingia kwenye nywele. Anatoa pini ya kwanza, naisikia inaanguka kwenye jiwe. Anasema, nikikuumiza useme. Nasema, unaniumiza. Anasema, vumilia, hii ilishika. Anafanya polepole, kama mtu anayefumua nywele za mtoto aliyelala, na anazungumza, ananiambia wali unavyomshinda kupika kwa kukaa, ananiambia jirani yake anabisha hodi na haingii, ananiambia yule mume wetu naye hajui hata kukamua nazi. Nasema, hajui, hajawahi kujua. Taji linatoka. Sikujua kwamba shingo yangu ni ndefu hivi. Namgeuza naye, naanza lake, na pini zake ni za zamani kama zangu, nyingine zimeota kutu. Ngozi ya kichwa chake ina vidonda vidogo. Naviona, nasema, pole, mdogo wangu, na neno limeshatoka, siwezi kulirudisha, na sitaki.

Tulipomaliza, mtumishi anasema, imepoa. Sheria imekwisha kuamua, mgeni ni wa Kasri Baridi. Wanawake wanashusha pumzi, wengine kwa furaha. Nainua kikombe. Ni cha baridi, kweli, juu pameganda utando. Nasema, sheria yenu inasema ikipoa mkononi mwangu. Haikupoa mkononi mwangu, imepoa sakafuni, mikono yangu ilikuwa na kazi. Nasema bismillahi, na nainywa yote mpaka majani. Ina tangawizi nyingi, ya kukwaruza koo. Mtumishi anageuza ile sabuni ya uso wake kwa Asiati, kisha kwangu, na kuta zinaanza kuhama, na sauti za wanawake zinakuwa sauti za watoto wakicheza barabarani, na mwadhini anaadhini Alasiri, sijui katika mji gani.

Nafumbua macho. Niko kwenye mkeka. Kioo cha televisheni ni cheusi, umeme umekatika, na sijui umekatika saa ngapi, sijui kama tamthilia ilifika mwisho au haikuanza. Shingo inaniuma, lakini nimelala vibaya. Koo linawasha, lakini ni msimu wa mafua. Mbaruku amesimama mbele yangu, jua liko nyuma yake na uso wake sijauona. Anasema, Mama Tunu, Asiati yuko nje, nimemweka kivulini. Sikumwahidi kitu. Unasemaje? Nataka kumwambia asubiri, nipime kwanza kama niliyoyaona yametoka kwa Mola au yametoka kwenye kile kioo. Lakini najua kwamba nikianza kupima sitamaliza leo. Nasema, aingie. Anasema, una hakika? Nasema, Baba Tunu, mguu ule haungoji hakika yangu, mwambie aingie.

Anatoka. Nasogea kwenye mkeka, naacha nafasi ya mtu na ya mguu ulionyooshwa. Namsikia Asiati anakuja, anakanyaga na anagonga fimbo, anakanyaga na anagonga, na mlango wa mbele unalia kwenye bawaba zake. Nyumba yetu ina mlango huo mmoja, kisha ni chumba hiki. Lakini hatua hazifiki, na nasikia mlango wa pili ukifunguliwa, kisha wa tatu, na fimbo inazidi kuja, polepole, kama mtu mwenye njia ndefu, na mimi nabaki nimempisha nafasi, namngoja.