Siku Ambayo Tanuri Halikuwashwa

Bhabatosh Dhara alijua kumpokea mkaguzi kuliko alivyojua kusubu chuma, na chuma alianza kukisubu ndevu hazijamwota. Mji mzima wa Howrah kila mwenye kiwanda anaijua kazi hiyo. Ukisikia mkaguzi wa moshi anakuja, siku hiyo huwashi tanuri. Unafunika makaa kwa turubai, unapaka ukuta chokaa, unaagiza vitamu vya rosogolla vingali vuguvugu. Mgeni anaingia, anakuta kiwanda kimetulia kama nyumba ya wastaafu, anakula, anafuta shira vidoleni, anakwenda zake. Marehemu baba yake alifanya hivyohivyo, na kiwanda kikaishi.

Safari hii mkaguzi alikuwa mwanamke kutoka Delhi, tena hakutumwa na serikali. Aliitwa na Mohua, binti wa pekee wa Bhabatosh, aliyekuwa akiandikiana na mnunuzi wao Mjerumani. Mjerumani huyo ndiye aliyechukua mifuniko ya chemba za barabarani, karibu yote waliyotoa. Yeye akiondoka, hakuna sababu ya kuwasha moto. Na huko Ulaya sasa chuma kinapoingia hutozwa ushuru kwa moshi uliotoka kilipoyeyushwa.

"Baba, nisikilize vizuri," Mohua alisema wakila chakula cha mchana. "Huyu anakuja kupima. Tanuri liwe linawaka, makaa yaonekane. Akipima, tutatozwa moshi wetu wenyewe. Asipopima, watatuandikia moshi wa kukadiria, na makadirio yao ni ya kukomoa."

"Na serikali yetu inatazama tu?"

"Tungekuwa tunalipia moshi hapa nyumbani, kule wangetupunguzia. Hapa bado hatulipi kitu."

"Yaani niiombe serikali initoze! Mwanangu, wewe umesoma mpaka umepitiliza."

Akacheka mpaka mwiba wa samaki ukamkwama, ikabidi ameze tonge kavu la wali. Mohua hakucheka. Alimwapisha baba yake kwamba asubuhi ya siku hiyo moshi utaonekana tangu kona ya barabara, kisha akarudi kwa mumewe ng'ambo ya mto.

Bhabatosh hakuwa mjinga, jamani, wala hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Aliogopa. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona mtu aliyeonyesha moshi wake mwenyewe akasalimika. Jioni ya kuamkia siku ya mgeni alimwita Netai, fundi wa tanuri, ambaye walikua pamoja wakirusha vishada juu ya paa lilelile kila sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa mafundi.

"Kesho usiwashe."

"Kaka, Mohua si alisema..."

"Mohua mtoto. Mkaguzi ni mkaguzi. Na hayo makaa sitaki kuona hata punje."

"Hata ukija na mbwa wa polisi hutayaona," Netai alisema, akakunja mikono ya shati.

Asubuhi Mohua alikwenda kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Gari lilipoingia uchochoroni, aliinua macho kwenye dohani akaona anga tupu. Alishuka uso umemsawajika.

Mgeni aliitwa Ishrat Naqvi. Alikuja na sanduku zito la vipimo, akaliweka chini, akalitazama tanuri.

"Mnawasha saa ngapi?"

"Sisi, mama? Sisi hatuwashi sana," Bhabatosh alisema akisogeza sahani. "Moshi wa hapa ni kidogo mno. Karibu, onja kwanza."

"Mzee wangu, sikuja kukamata moshi. Nimekuja kuupima. Tanuri lililozimwa nitalipima nini?"

Hapo ndipo kijasho kilipomtoka. Akageuka, akapiga ukelele, "Netai! Washa! Washa sasa hivi!"

"Kaka, hata tukianza sasa, chuma kitayeyuka alasiri," Netai alijibu.

Alasiri Ishrat alitakiwa awe angani kwenda Coimbatore, ambako viwanda vingine vilikuwa vikimngojea kwa foleni. Mohua alimsihi abaki walau siku moja. Haikuwezekana, na nafasi yake nyingine ingekuja baada ya tarehe ya mwisho ya kupeleka hesabu Ulaya. Bhabatosh alibaki amesimama na sahani yake ya rosogolla, sahani imeinama, shira inamwagikia viatu. Ishrat alichukua moja akaila polepole, kwa heshima tu. Heshima hiyo ilimuuma mzee kuliko tusi.

Jibu la Mjerumani lilikuja kwa adabu zote. Kwa moshi wa kukadiria, mifuniko ya Howrah ilishapita bei ya mifuniko ya Uturuki, basi atanunua Uturuki. Alishukuru kwa miaka yote. Mohua alimsomea baba yake mpaka mwisho, akafunga kompyuta, akamwekea chai. Hakumlaumu hata kwa neno moja, na Bhabatosh alitamani sana amlaumu.

Alishuka mwenyewe kiwandani. Netai alikuwa amechuchumaa kando ya tanuri, anabandua masizi kwa kijichuma, ingawa hakuna aliyemtuma.

"Netai, Mjerumani amekwenda."

Netai aliacha kubandua. Akasema bila kuinua uso, "Kosa ni langu, kaka."

"Kosa gani?"

"Yale makaa. Upande wa bomba turubai lilikuwa fupi. Nilijua, nikasema hataona. Yule mama ana macho makali, aliyaona tu. Nisamehe. Nimewaponza wenzangu wote."

Bhabatosh aliitazama mikono ile yenye makovu ya moto, akataka kumweleza kosa lilikuwa la nani. Akaketi mchangani karibu naye, bega kwa bega, na machozi yakaanza kumtiririka.

"Hakuyaona, Netai," alisema. "Uliyaficha vizuri sana."