Theluji Iliyofuliwa kwa Buluu

Kaluki alikuwa ameharibu theluji yake, na karatasi nyingine kama ile haikuwepo Makindu nzima.

Mwaka ule wa sabini na sita, wageni wa kanisa walileta picha za kupaka rangi, moja kwa kila mtoto wa Sunday school: nyumba, miti na kilima kilichofunikwa theluji. Mwalimu Kalondu alitangaza kwamba itakayopendeza zaidi itabandikwa ukutani siku ya Krismasi, na mwenyewe apewe pakiti ya krayoni. Iwe yake, aende nayo nyumbani, asigawane na mtu! Tangu hapo Kaluki hakulala usingizi wa maana. Pakiti ile alishaitengea nafasi chini ya mto.

Watoto wengine waliipaka theluji rangi nyekundu. Si iko chini? Na kilicho chini ni udongo, na udongo ni mwekundu, nani asiyejua? Kaluki alimsikiliza mwalimu aliposema theluji ni nyeupe. Akanyakua krayoni nyeupe ya darasa, akakandamiza kilima na paa mpaka kidole kikauma. Alipoinua karatasi, hakuona kitu.

"Umepaka nini, hewa?" Musyoka, kijana wa jirani, alishika mbavu. "Mwalimu atatafuta theluji yako kwa tochi!"

Kengele ikalia, krayoni zikakusanywa. Wamalizie nyumbani kwa chochote walicho nacho, warudishe Jumapili ijayo.

Jumamosi asubuhi Kaluki bado hakuwa na chochote. Alikaa na picha yake magotini karibu na Susu Kavata, nyanya yake, aliyekuwa akisuuza kitambaa chake cheupe cha kanisani kwa buluu, ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Susu aliuza chai stesheni miaka mingi, mpaka miguu ikastaafu. Mdomo ulikataa kustaafu.

"Susu, umewahi kuona theluji?"

"Kuiona? Nimeipikia! Dereva mmoja wa treni aliniletea kikapu kizima. Nikaiweka karibu na sufuria, chai ikapiga chafya, abiria wote wakalowa."

"Susu, wacha!"

"Basi muulize yule pale."

Kaluki akageuka. Mbali, nyuma ya vilima vya Chyulu, Kiima Kyeu, ule mlima mweupe wa Kilimanjaro, ulikuwa umevua mawingu. Alikuwa akiuona tangu azaliwe, lakini leo aliukodolea macho hasa. Kumbe ule weupe ulionekana kwa sababu anga nyuma yake lilikuwa limekoza! Na kwenye mikunjo, upande uliokosa jua, theluji haikuwa nyeupe hata kidogo. Ilikuwa na rangi ya maji yaliyokuwa kwenye beseni la Susu.

"Susu! Theluji ina buluu!"

"Niliifua mwenyewe," Susu akasema bila kutabasamu, akakamua kitambaa kwa nguvu.

Tone likaruka, likatua katikati ya picha.

Kaluki alipiga yowe mpaka kuku wakatawanyika. Lakini tone halikuingia. Lilijikunja juu ya kilima kama shanga, likabingirika, na lilipofika angani tu, karatasi ikalinywa. Kilima kikabaki safi. Krayoni ilikuwepo! Ilikuwa imejificha tu!

Akipaka buluu kote, theluji itatokea. Lakini karatasi ikichanika, basi tena, na Musyoka atacheka mpaka Pasaka.

"Ongeza maji kwanza," Susu alimwonya. "Buluu ikizidi hata kitambaa changu hugeuka sare ya shule."

Kaluki akatafuna kijiti cha mswaki mpaka ncha ikawa brashi, akakichovya kwenye buluu aliyoiongeza maji, akakilaza ubavu, akapitisha polepole bila kukandamiza. Mara theluji ikaruka nje ya karatasi! Paa likawaka, kilima kikawaka, na pale krayoni iliporuka kidogo, buluu ikabaki nyembamba, mikunjo ile ile ya mlimani. Akaacha ikauke juani, akarudia anga peke yake ili likoze zaidi.

Jumapili Mwalimu Kalondu aliinua picha moja baada ya nyingine, vilima vyekundu vitupu. Alipofika kwa ya Kaluki akaipeleka dirishani penye mwanga. Watoto wakapanda juu ya mabenchi.

"Kaluki, hii theluji umeitoa wapi?"

"Kiima Kyeu," Susu akajibu kutoka benchi la akina mama. "Mimi nilimshikia ngazi."

Kanisa lote likacheka, na pakiti ya krayoni ikatua mikononi mwa Kaluki.

Jioni hiyo Musyoka alikuwa mlangoni na kipande cha gazeti.

"Kaluki, dada yangu mpendwa..."

"Leo ni dada yako?"

"Niazime ile nyeupe tu."

Kaluki akaifungua pakiti, akamwonyesha. Zote zilikuwa nzima isipokuwa nyeupe. Ilikuwa imebaki ncha tu, maana wenzake walishaitumia, na foleni ya watoto waliokuja kuiazima ilikuwa inazunguka nyumba.