Kiti cha Mdoli

Mimi ndiye niliyekuwa mkaliaji wa viti. Msicheke, ilikuwa kazi. Kwenye kiwanja chetu cha useremala pale Kirumba, fundi mgeni akitaka kupewa meza ya kufanyia kazi, alitengeneza kiti kimoja, akakileta mbele ya wenzake, nami nikakikalia kwa uzito wangu wote. Kikilia, tulimwambia aende zake. Nilichaguliwa kwa sababu ya mwili. Mara ya mwisho nilipopanda mizani ya pamba kule ushirika, karani alicheka mpaka akaangusha kalamu.

Miaka ile biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, na kila kitu kiliingia kikiwa cha plastiki: ndoo, viatu, mwisho viti. Watu waliozoea kutubembeleza tuwawahishie makochi walitupita wamebeba viti vya plastiki kichwani, wala hawatusalimii. Nilikuwa naamka na hasira. Ndipo akaja Teodora.

Alikuwa binti wa Kihaya kutoka Muleba, ameshuka kwenye meli asubuhi hiyohiyo. Alipiga magoti kunisalimia, kama walivyomfundisha kwao, palepale kwenye maranda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Natafuta meza. Mimi ni fundi."

Wenzangu waliangua kicheko. Yeye hakutikisika. Alisema baba yake alikuwa seremala, amefariki, na kaka zake wamegawana randa na misumeno.

"Mimi wamenitafutia mume nisiyemtaka," alisema. "Nikikosa nafasi hapa, meli ikirudi Bukoba naondoka nayo, naenda kuolewa."

"Na unatengeneza nini?"

"Samani za midoli. Midoli imejaa sokoni, mzee, na yote imesimama. Haina pa kukaa."

Hasira ikanipanda. Plastiki ituue, halafu tugawane kiwanja na mtu anayechezea vijiti? Nikamwambia sheria yetu ni moja kwa wote.

"Lete kiti. Nitakikalia."

"Sawa," alisema, kama mtu aliyeagizwa chumvi.

Pius, fundi wa makabati, alimwonea huruma akampa kona kando ya meza yake. Huko Teodora alikaa chini, akiokota vipande vya mninga tulivyokuwa tunavitupa motoni. Patasi yake ilikuwa msumari alioupondaponda kwa jiwe na kuunoa. Nilipita pale mara nyingi kuliko nilivyokuwa na haja ya kupita.

Siku ya meli kurudi, mvua ya mchana ilipokatika, alikileta kiti kwenye kiganja. Kilikuwa kiti kamili, na mgongo wake wa fito umepinda kidogo kumpokea mkaaji. Hakikuwa na msumari wala gundi. Kila ufito ulikuwa na ulimi wake, na kila ulimi tundu lake, dogo kama punje ya mtama. Moyo ulinishtuka, lakini mdomo wangu ulishazoea kubisha.

"Nitakikaliaje hiki? Si kitapotea?"

"Basi simama juu yake, mzee."

Pius alinivuta shati. "Mhoja, achana nacho bwana. Utakivunja bure, mtoto wa watu arudi akaolewe kwa nguvu."

Nilimtazama Teodora. Alikuwa amekumbatia kifurushi chake cha safari, na macho yake yako kwenye mguu wangu.

Nilikiweka kiti chini kwenye udongo uliolowa, nikavua kiatu. Niliweka mguu mmoja juu yake, kisigino kikagusa mgongo wa kiti. Kisha nikainua wa pili, bila kumshika mtu.

Nimekalia viti vingi, na kila kiti huwa na neno la kusema. Kingine huguna, kingine hulia. Hiki kilinyamaza. Nilihisi nashuka taratibu, wima, nikajua kimevunjika, na moyo ukaniuma kweli. Nikateremka.

Kiti kilikuwa kimezama kwenye udongo hadi usawa wa pa kukalia, miguu yote minne kwa kina kimoja. Hakuna ufito hata mmoja uliochomoka. Ule mti nilikuwa nimeutupa kwa mkono wangu mwenyewe, ukachemshe uji.

Teodora aliinama akichomoe.

"Acha," nilimwambia.

Nilipiga magoti, na magoti yangu hayaijui kazi hiyo nje ya kanisa. Nilichimba kwa vidole, polepole, mguu baada ya mguu, nikakitoa kizima, nikakifuta kwa shati langu. Sikuwa tayari kuinuka.

"Mzee, inuka," Teodora alininong'oneza. "Watu wanaangalia."

"Waache waangalie. Shikamoo, fundi."

Machozi yalikuwa yanamtiririka. Aliweka kifurushi chake juu ya meza yangu, akaanza kutafuta mahali pa kuning'iniza patasi yake.