Milimita Thelathini na Sita

Siku ya utambulisho, kila mwanafunzi mpya wa upimaji ardhi alitakiwa kusema jambo moja kumhusu. Mmoja wao alisema amekuwa wa kwanza darasani miaka sita mfululizo. Ilikuwa kweli, na lilikuwa kosa. Tangu siku hiyo aliitwa Namba Moja, na hakuna aliyejihangaisha kuuliza jina jingine.

Wiki ya tisa alipata ishirini na mbili kwa sitini katika mtihani wa maandishi. Alikuwa amekariri madokezo yote, kama alivyozoea. Maswali hayakuhitaji kukariri. Alimpigia simu mama yake, muuguzi wa wodi ya wazazi, akamtajia alama.

"Ishirini na mbili kwa ishirini na ngapi?" mama aliuliza.

Ili kufaulu somo alihitaji hamsini kwa mia. Zilizobaki zilikuwa alama arobaini za vitendo. Asipopata ishirini na nane kati ya hizo, angerudia somo zima mwaka unaofuata.

Zoezi lilikuwa kupima mwinuko wa ardhi hatua kwa hatua, kuanzia kwenye alama ya zege iliyo langoni mwa maktaba, kuzunguka mabweni na bwalo, mita mia nane, hadi kwenye alama ileile. Ukirudi ulikoanzia, mwinuko unapaswa kuwa uleule. Tofauti yoyote ni kosa lako, na isizidi milimita kumi. Kundi lao lilikuwa la watu watatu. Mrefu alishika rula ya mita nne. Fundi, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, aliyekuja chuoni baada ya miaka sita ya kazi za ujenzi, alisimamisha mashine, yaani darubini ndogo juu ya miguu mitatu, akasoma vipimo kwa sauti. Namba Moja aliandika na kupiga hesabu.

Alhamisi saa kumi jioni, mashine ikirudishwa stoo, kosa lilikuwa milimita thelathini na sita.

"Turudie kesho," Fundi alisema.

"Kesho saa sita mchana ndiyo mwisho wa kukusanya. Ukichelewa unakatwa alama tano."

"Basi tano ziende."

"Zako ziende, kaka. Mimi sina za kugawa."

Mrefu alikuwa ameketi kwenye majani akijikuna kifundo cha mguu. "Mimi mkiniambia nisimame hapa, nasimama. Mengine malizaneni wenyewe."

Jioni, kwenye meza iliyobanwa kati ya vitanda viwili, Namba Moja alinakili ukurasa wote kwenye karatasi safi. Katika kunakili, 1.384 ikawa 1.348. Kupishanisha tarakimu mbili ni kosa linaloweza kumpata yeyote. Ndiyo maana alilichagua. Hesabu ikafunga kwa sifuri. Alilala usingizi mzuri.

Asubuhi, bwaloni, Mrefu alitia sahihi bila kusoma. Fundi alisoma.

"Hii umeitoa wapi?"

"Niliona nilikosea kuandika tarakimu. Nikarekebisha."

"Nilisoma mimi, ukairudia wewe." Fundi alifunika kalamu. "Mdogo wangu, miaka sita nimeshika hii mashine. Nimeona tano, nimeona mbili. Siku moja tulipata moja, bosi akatununulia soda. Sifuri sijaiona."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Inawezekana. Ila siyo kwa Mrefu kushika rula."

"Nipo hapa hapa," Mrefu alisema. "Nakunywa chai yangu."

"Mimi sisaini. Saa mbili nitakuwa stoo."

Karatasi yenye sahihi mbili ingepokelewa, mradi useme wa tatu anaumwa. Namba Moja aliyapima mambo yalivyo. Akikusanya sasa, alikuwa na uhakika wa alama zaidi ya thelathini. Wakirudia, wangechelewa, na kosa lingeweza kuwa kubwa tena. Kila hoja ilimwambia akusanye. Jambo moja tu lilimkera: hakujua zile thelathini na sita zilitoka wapi. Alikunja karatasi, akaenda stoo.

Walipofika kwenye mtaro nyuma ya bwalo, mtunza bustani alitokea na toroli la majani.

"Naombeni njia, wanangu."

Mrefu aliinua rula, akampisha, akairudisha chini. Fundi aliondoa jicho kwenye darubini.

"Wewe! Umeirudisha palepale? Ikisogea kabla sijaisoma tena, hesabu haifungi."

"Karibu na hapo."

"Na jana alipita?"

Mrefu alifikiri kidogo. "Jana alipita mara mbili."

Fundi alichuchumaa, akacheka mpaka machozi, akijihadhari asiiguse mashine. Namba Moja hakucheka mara moja. Sehemu aliyobadilisha tarakimu ilikuwa upande wa pili wa bwalo, na tofauti ya mwinuko waliyoipata hapo leo ilikuwa imelingana na ya jana, kabla hajaigusa. Alikuwa amerekebisha namba iliyokuwa sahihi.

Saa nane walirudi langoni mwa maktaba. Kosa: milimita saba.

Mwalimu wa vitendo aliipokea karatasi saa tisa. Kabla ya kusoma chochote aliandika "kasoro tano" kwenye kona.

"Hizi saba zimetoka wapi?"

"Jua lilikuwa kali, ardhi ya bustanini ni laini, na rula ilikuwa inayumba," Namba Moja alijibu. "Hizo labda nne."

"Na tatu?"

Hakuwahi kumjibu mwalimu hivyo maishani. "Sijui."

Mwalimu aliandika thelathini na nne, akatoa tano. "Hapa nina makundi mawili yaliyopata sifuri. Yanakuja Jumatatu kunieleza." Akavuta karatasi iliyofuata.

Hamsini na moja. Namba Moja alijumlisha akiwa bado mlangoni, akajumlisha tena kwenye ngazi, kisha akaenda kuwaambia wenzake, waliokuwa wakipangusa udongo kwenye miguu ya mashine kabla ya kuirudisha.