Inchi Nne za Kupumua

Mume wangu alipoanza kunisifia nguo, nilijua nyumba imeingiliwa. Miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kusema neno juu ya nilichovaa, na mimi ni fundi cherehani, nguo ndiyo kazi yangu. Halafu asubuhi moja anaingia kutoka uani na kuniambia, "Fundi, hiyo ya bluu imekukaa." Nikajitazama. Kweli nilikuwa na ya bluu. Sikumshukuru, nilimuuliza amefanya nini.

Sisi tunaitana Fundi. Yeye ni fundi saa, mimi fundi cherehani, na watoto walipokuwa wadogo walidhani ndilo jina la ukoo wetu. Sasa wameshahama, kila mmoja ana kwake. Tumebaki wawili kwenye chumba kimoja: kitanda upande wa dirisha, cherehani karibu na mlango ili nipate mwanga, kabati la nguo za wateja, meza yake ndogo ya saa, na ukuta mmoja mtupu. Ukuta huo ndio anasa yetu pekee.

Ile meza ya saa ilikuwa imefunikwa kitambaa mwaka mzima. "Watu hawavai saa siku hizi," alisema siku alipoifunika. "Kila mtu anatazama simu." Nikamwamini, maana hata mimi natazama simu. Alirudisha saa tatu za wateja bila kuzifungua, akatia kile kioo chake cha kukuzia kwenye droo, na tangu hapo akawa mtu wa kukaa kitandani, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti. Zamani kila Jumapili alikuwa anakwenda kwenye ukumbi wa video kutazama mpira, anarudi sauti imekauka kwa kelele. Hilo nalo akaliacha. Rafiki zake wakija kumwita, mguu unamuuma. Wakishaondoka, mguu umepona.

Palikuwa na mahali pamoja tu alipokwenda bila kusukumwa, nako ni kwa msusi.

Msusi ana chumba upande wa pili wa ua, hatua kumi na mbili kutoka mlango wetu. Ni mwanamke mcheshi, ana mikono myepesi, na gauni lake zuri kuliko yote nililishona mimi mwenyewe, tena nikalibana kiunoni kwa maombi yake. Nilijuta baadaye. Kila asubuhi, nikishamaliza kufagia ua, mume wangu alichukua kimto changu cha sindano na kusema anakwenda kunitungia uzi huko nje kwenye mwanga. Macho yangu ya karibu yalikwisha zamani. Tundu la sindano silioni, na miwani inanitia kichwa kuuma, kwa hiyo yeye ndiye aliyenitungia siku zote, sindano saba kila asubuhi, pale pale mezani kwake. Sasa eti mwanga wa mezani hautoshi. Wa kwa msusi unatosha, na unachukua robo saa nzima.

Siku moja akavuka mpaka. Nilifagia ua nikiwa na gauni la kijani, nikajimwagia chai, nikaingia ndani kubadili. Akarudi na kimto mkononi, akasimama mbele yangu, uso umejaa tabasamu, akasema, "Leo kijani hicho kimekutoa." Nilikuwa na la kahawia. Nikamwambia hili ni la kahawia, na kama anataka kunisifia anisifie mimi niliyesimama hapa, asinisifie kwa kukariri. Tabasamu likamfia usoni. Akasema, "Samahani, Fundi, nilikuwa na mawazo." Nami nikajua mawazo hayo yanasuka nywele za watu upande wa pili wa ua.

Nikaamua kumrudisha ndani. Sikutaka ugomvi. Nilitaka mume wangu, yule wa zamani aliyerudi Jumapili amekauka sauti, na kama ukumbi wa video ndio uliomfurahisha, basi ukumbi ungekuja chumbani. Televisheni haikuwa na pa kukaa, labda tuikalie. Lakini mteja mmoja aliniambia projekta inakaa juu ya kabati tu, na ukuta unafanya kazi iliyobaki. Siku hiyohiyo nilipima kutoka ukingo wa kabati hadi ukutani, nikaandika kwenye daftari langu la vipimo: inchi sitini na moja.

Nilimburuta twende wote dukani. Njia nzima alinishika kiwiko, jambo ambalo hata tulipokuwa wachumba hakulifanya. Nikajisemea, dhambi inamtuma.

Muuzaji alikuwa kijana wa tai nyembamba na maneno mengi. Alitupa stuli mbili, akaanza. Projekta ya kwanza ilikuwa kubwa, mwanga wake mkali, ya kufungwa darini. Nikamwambia dari letu ukilipigia chafya linaanguka. Ya pili ilikaa shibiri moja tu kutoka ukutani na picha ikajaa ukuta mzima, nikaipenda sana, mpaka alipotaja bei. Hata sikumwacha aimalize. Ya tatu ilikuwa ndogo, unaweza kuibeba kwapani.

"Hii ndiyo ya chumba kidogo, mama," alisema. "Ila ina sharti moja. Isikae chini ya inchi sitini kutoka ukutani. Ikikaa karibu zaidi ya hapo, picha inakuwa na ukungu, na ukizungusha hii lenzi mpaka kesho haitakaa sawa. Kwenu kuna nafasi kiasi gani?"

"Sitini na moja," nikamjibu, nikafungua daftari nimwonyeshe. Nilijiona mjanja. Inchi moja ya ziada!

Alipowasha, ukuta wa duka ukajaa maporomoko ya maji. Mimi mwenyewe nilisahau kilichonileta. "Mzee, unaonaje rangi zake?" muuzaji akamuuliza mume wangu.

"Rangi ni rangi," akajibu. Kisha akainuka, akaishika ile projekta kwa mikono miwili, akaipapasa pande zote, akainamisha sikio. Akafanya hivyo kwa zote tatu. "Tuchukue hii ndogo," akasema. "Feni yake imetulia."

"Unachagua sinema kwa masikio?" nikamtania.

"Saa nzuri nayo huijua kwa masikio," alisema, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi akacheka. Nikacheka naye. Nilirudi nyumbani nimebeba boksi kifuani, roho nyeupe.

Jumapili mchana nikafunga dirisha kwa pazia nililolishona kwa kazi hiyo, kitambaa cheusi mara mbili, hata uzi wa mwanga haupiti. Chumba kikawa giza tupu. Niligonga stuli kwa muundi wa mguu, nikatukana. Yeye aliinuka kitandani, akapita kati ya meza na cherehani bila kugusa kitu, akaweka mkono juu ya kabati. "Iweke hapa," akasema. Nikamwonea wivu kwa wepesi wake.

Nikaiweka ukingoni kabisa, nikatoa kifuniko cha lenzi, nikawasha. Ukutani pakatokea madoa. Palikuwa na bluu, na kitu cheupe, na chini yake kitu kama mtu au kama mti. Nikazungusha lenzi kulia, madoa yakanenepa. Nikazungusha kushoto, yakanenepa tena. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni kama kawaida. Nikapima kutoka lenzi hadi ukutani, nikamulika utepe kwa simu, nikausogeza mbali mpaka tarakimu zikasomeka: hamsini na saba.

Nilielewa hapohapo. Mimi nikipima kifua cha mtu, mkono wangu huandika inchi nne zaidi, za kupumua. Nguo isiyo na hizo nne inapasuka siku ya kwanza. Nimefanya hivyo tangu usichana, siwazi tena, mkono unaandika wenyewe. Nilikuwa nimeupimia ukuta nafasi ya kupumua. Na kabati halikuweza kurudi nyuma hata kidole, nyuma yake kuna kitanda.

Nikasubiri kuchekwa. Huyu ni mtu ambaye kalenda ikining'inia upande kwa unywele mmoja hali chakula mpaka ainyooshe.

"Safi," akasema. Alikuwa amekaa kitandani, uso ameuelekeza ukutani. "Picha kali sana. Umechagua vizuri, Fundi."

Damu ikanichemka. Nilidhani ananidhihaki. Kisha nikamtazama vizuri, katika ule mwanga wa bluu, na sikuona dhihaka. Uso wake ulikuwa na bidii, uso wa mtu anayejibu swali na anaomba jibu liwe ndilo. Nikachukua kifuniko, nikaifunika lenzi polepole. Giza likarudi.

"Na sasa?" nikamuuliza.

Akainamisha sikio. Feni ilikuwa inazunguka.

"Hapo sasa ndiyo umeiweka sawa kabisa," akasema. "Usiiguse tena."

Nilikaa sakafuni.

"Fundi," nikamwambia. "Nimeifunika lenzi."

Nilisikia mikono yake ikisugua magoti, juu chini, juu chini.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Ilianza kidogo kidogo. Pembeni kwanza. Nilidhani kile kioo changu kimechafuka, nikawa nakifuta. Nilikifuta miezi miwili." Akavuta pumzi. "Halafu nikaona kilichochafuka si kioo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kushona ushinde unanishika mkono. Na wewe mwenyewe tundu la sindano hulioni. Nyumba ya mafundi wawili, nani atatunga uzi?"

Nilimfokea. Nilimwita majina ambayo sitayaandika, nikalivuta lile pazia mpaka likachanika, mwanga ukaingia wote kwa pamoja, na yeye hakupepesa hata jicho. Ndipo nikalia.

Kesho yake tulikwenda kwa daktari wa macho, binti mdogo kuliko mwanetu wa pili. Alimkagua muda mrefu, akamuuliza ilianza lini, akaweka kalamu chini. Ni presha ya macho, alisema. Kilichokwisha hakirudi. Angekuja wakati ule anafuta kioo, dawa ya matone ingeizuia. Sasa jicho la kulia halina kitu, na la kushoto linajua jua kali la nje tu, tena si kwa muda mrefu. Nikauliza kuhusu miwani, upasuaji, hospitali kubwa, dawa za nje. Kwa kila kimoja alitikisa kichwa, na kila mara taratibu zaidi, mpaka nikaona namtesa bure.

Tulipokuwa njiani kurudi, mume wangu aliniuliza, "Aliposema hivyo, uso wake ulikuwaje?"

"Wa kawaida," nikamdanganya.

Projekta sikuirudisha. Muuzaji angeniuliza ina kasoro gani. Ipo juu ya kabati, nimeifunika kitambaa, na meza ya saa nayo ina chake.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa na sketi sita za kupinda na hakuna sindano hata moja yenye uzi. Nikachukua kimto. Hatua kumi na mbili. Msusi alifungua mlango, akakitazama kimto, akanitazama mimi, akasogeza stuli bila salamu. Akaanza kutunga, uzi mweusi, uzi mweupe, moja baada ya nyingine.

"Ulikuwa unajua," nikamwambia.

"Aliniapisha, dada. Nilimwambia nenda hospitali, akasema atakwenda. Kila wiki atakwenda."

Nilitaka kumchukia na sikuwa na nguvu. Lakini ulimi wangu haujawahi kuniheshimu, ukasema wenyewe, "Sindano saba hazichukui robo saa."

Alikata uzi kwa meno. "Hazichukui. Muda mwingine ulikuwa wako."

"Wangu kivipi?"

"Ukifagia ua nakuona kupitia dirisha langu. Ananiuliza leo umevaa nini. Rangi gani, kitambaa gani, kichwa umekifungaje. Umenuna au hukununa. Namwambia, anarudia mara mbili tatu asisahau, halafu ndiyo anarudi kwako." Akanipa kimto. "Siku moja alikuja mchana, amevunjika moyo. Akasema, umenidanganya, alikuwa na kahawia. Nikamwambia sikukudanganya, amebadili."

Sikumbuki kama nilimuaga au niliondoka tu. Nilivuka ua, na mlangoni kwetu nikasimama. Alikuwa kitandani, mgongo ukutani. Alizijua hatua zangu, akainua uso, akatabasamu, akafungua mdomo kama kila asubuhi.

"Fundi," akasema.

Akangoja. Mdomo ukabaki wazi kidogo, kisha akaufunga. Siku hiyo hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nilikuwa na ile ya bluu.