Kaburi Chini ya Msongo Mkubwa

Kaka yangu Audax alinunua kiwanja Madale chini ya nyaya za umeme wa msongo mkubwa, akatuita twende tukashangae ukubwa wake. Kilikuwa kikubwa kweli, maana kila mwenye akili alikuwa amekikwepa. Hapo hapo palikuwa na kibao kinachosema wazi kwamba ndani ya mkuza wa umeme, ule ukanda unaoachwa wazi chini ya nyaya, hapajengwi nyumba. Audax ni mwalimu wa sekondari, mtu anayelipwa kufundisha watoto kusoma. Alikitazama kibao kile akasema kimewekwa kutisha wajinga.

Akajenga. Akamleta mama yetu mjane kutoka Bukoba, aje ale matunda ya mwanawe. Mama akawa analalamika kwamba nyaya zinavuma, hasa siku za manyunyu, na kwamba kichwa kinamgonga. Audax akamcheka. Majirani walionong'ona kuhusu saratani aliwaita washamba. Daktari mmoja alimweleza kwamba madhara hayo hayajathibitishwa, lakini umbali uliowekwa na sheria uheshimiwe, na yeye akasikia nusu ya kwanza tu. Ndivyo lilivyo sikio la kaka yangu, likishapata la kulinufaisha linajifunga.

Kisha watu wa umeme wakaja na rangi nyekundu, wakachora X ya kubomolewa ukutani, pembeni ya dirisha la mama. Walisema fidia hakuna, mkuza ulikuwepo kabla yake. Mama alipoiona alama ile alituita wote wawili.

"Nikifa nipelekeni kibanjani kwa baba yenu," alisema. "Msiniache huku."

Audax aliitikia kwa kichwa. Nilimwona kwa macho yangu.

Mama alifariki wakati wa masika, kwa presha iliyomwandama tangu sisi wadogo. Nilitoka kwangu Segerea nikijua naenda kupanga safari ya Bukoba. Nikakuta kaburi limeshachimbwa uani, chini ya nyaya kabisa, na Audax amesimama kando akiwaelekeza wachimbaji wapanue upande wa kichwani. Kumbe mtu wa kijiweni alimwambia kwamba penye kaburi hapabomolewi. Na kwetu Wahaya kaburi la mzazi ndilo linalokishika kibanja, shamba la migomba la ukoo. Palipo na mifupa ya wazee wako, nani atakuambia si kwako? Basi msomi wetu akaona aihamishie desturi hiyo Madale, mama yake mzazi awe bikoni ya kiwanja, jiwe la mpaka.

Hilo halikumtosha. Aliposimama kusoma wasifu wa marehemu, alitangaza kwamba mama ameuawa na mionzi ya nyaya hizi na kwamba familia itadai fidia. Walimu wenzake wakatikisa vichwa kwa huzuni. Majirani wale wale aliowaita washamba walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakimsikiliza.

Nikasimama. Shangazi alinivuta kanga, kwa kuwa mdogo hamkatizi kaka yake msibani, lakini heshima yangu kwa mtu yule ilikuwa imekwisha.

"Kaka," nikamuuliza, "kama nyaya hizi ndizo zilizomuua mama, mbona unamlaza chini yake?"

Juu yetu nyaya zilikuwa zinavuma. Audax aliikunja karatasi ya wasifu.

"Mtu akishakufa, Koku, mionzi haimfanyi kitu."

Kuna mtu alicheka, pale pale msibani, na sikumlaumu. Baba mdogo Polikarpo, mdogo wake marehemu baba, alikuwa amekaa karibu na jeneza. Aliinuka, akasema jeneza halitashuka kwenye shimo lile.

"Shemeji yangu ana mume anayemngoja," alisema. "Tafuteni gari."

Tuliondoka jioni ile ile. Audax hakupanda. Alisema tutangulie, atatufuata kwa ndege, kwani hawezi kuiacha nyumba yenye X bila mtu. Na mie mjinga, pamoja na yote niliyoyaona, nilimwamini.

Bukoba tulimngoja kando ya kaburi, katikati ya migomba, mpaka padri akaanza kutazama saa. Udongo wa kwanza ni wa mtoto mkubwa wa kiume, hakuna aliyetaka kumtangulia. Nikampigia simu. Akapokea akihema. Alisema yuko uani Madale anafukia lile shimo, ameshasimika na msalaba wenye jina la mama, na akaniomba tusimwambie mtu yeyote kwamba ndani hamna kitu.

Nilikata simu. Nikainama, nikachota udongo wa kaka yangu, nikamtupia mama.